Sanamu za komande si kopi

Katika nyumba nyingi za Panda, juu ya kabati la vyombo au kando ya televisheni, kuna sanamu ambayo hakuna anayeitazama tena: mwanamke aliyepiga magoti na bakuli mikononi, kichwa cha mzee mwenye ndevu, tembo wa malakiti aliyepoteza pembe moja. Mwulize mwenye nyumba hiyo ni nini, na mara nyingi utajibiwa kwa neno moja: kopi. Hoja yangu ni kwamba neno hilo limeharibu sanamu nyingi za Likasi kuliko mchwa na bungua, na kwamba sisi wa kitivo cha lugha, ambao hatujui kushika patasi, tuna kazi ya kufanya katika kuziokoa.

Tuanze na maana. Mtu wa Panda anaposema sanamu ni kopi, hasemi tu kwamba inafanana na nyingine. Anasema kwamba haikuchongwa kwa ajili ya mfalme, wala mganga, wala wazee wa ukoo. Ilichongwa ili iuzwe, kwa hiyo haina kitu. Na kisicho na kitu unaweza kukifanya lolote. Unaweza kukipiga msasa mpaka kiwe cheupe, ukakipaka vanishi king'ae, ukamwuzia mgeni kama cha kale, au ukakitia kwenye mbabula siku makaa yamekwisha.

Nyingi ya sanamu hizi, kwa maelezo ya wenye nazo, zilichongwa kati ya miaka ya 1950 na ya 1970, yaani tangu mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville hadi baada ya kupewa jina la Likasi mwaka 1966. Zilinunuliwa na Wazungu wa Union Minière waliotaka kitu cha kupeleka Ubelgiji, kisha zikanunuliwa na Wakongo wenyewe: walimu, wauguzi, makarani, wasimamizi wa karakana, watu waliotaka sebule yao iwe na heshima. Biashara hiyo haikuwa ya aibu. Huko Lubumbashi, ilipokuwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha mwaka 1946 karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Wachoraji wake, akina Pili Pili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, walichora picha za kuuzwa. Leo wanatajwa kwa majina katika historia ya sanaa ya Kongo, na sijasikia mtu akiziita kazi zao kopi.

Kwa nini mchoraji apewe jina lake na mchongaji anyimwe? Naona sababu ni moja. Mchoraji hakuwa na wa kulinganishwa naye. Mchongaji alikuwa na jirani mkubwa: sanamu za Waluba, Wahemba, Wasongye na Watabwa, ambazo Ulaya ilikwisha kuzisifu. Kila alichofanya kiliwekwa kwenye mizani pamoja na hizo, na kila mara mizani ilisema pungufu.

Mchongaji mmoja wa zamani, anayeishi mitaa michache kutoka kwetu, ana maoni mengine. Amepita miaka themanini na mikono yake haishiki tena tezo. Nilimwendea na daftari la msamiati, kama tunavyofundishwa. Mjukuu wake alipoiita kopi sanamu iliyokuwa mezani, mzee alimkatiza: "Hapana. Hii haiko kopi. Hii ni komande." Nikamwambia, Baba, nifafanulie. "Muzungu alikuya, alikala pale. Alisema anataka mwanamuke ya kupiga magoti, urefu kama hii mukono. Aliacha avansi. Kisha alienda kwabo, hakurudia kuikamata." Akacheka. "Avansi nilikula."

Unaweza kuona hapo mzaha wa mzee tu. Mwanafunzi wa isimu hana budi kuona zaidi: kitu kimoja kina majina mawili, na kila jina linakiweka katika kundi lake. Kopi hutazama nyuma, kwenye sanamu nyingine inayodhaniwa kuwa ndiyo ya kweli. Komande hutazama watu wawili waliokaa wakakubaliana kipimo, bei na siku. La kwanza ni neno la mfanyabiashara na mkusanyaji; la pili ni la aliyeshika tezo. Yote mawili yametoka katika Kifaransa, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba moja ni letu zaidi ya jingine. Tofauti iko kwa msemaji.

Katika muda wa saa moja mzee huyo alinipa vitenzi ambavyo kamusi zetu hazivipi maana ile. Kukata ni kutoa umbo la kwanza katika gogo. Kuparura ni kulainisha kwa ukingo wa kisu. Kuvalisha ni kuipa sanamu rangi yake kwa moshi na mafuta, siku nyingi, kidogo kidogo. Sanamu ambayo haijavalishwa, kwake, iko uchi. Anayejua kitenzi hicho anaelewa bila mhadhara wowote msasa unafanya nini: unaivua nguo sanamu ya mtu.

Wasomaji wa jarida hili wanaifahamu hukumu ya kopi, maana nasi imetuangukia. Kiswahili tunachozungumza Katanga kimeitwa kibovu, kilichochanganyika, Kiswahili cha kazini. Wanaotusikia tukisema bantu na batoto badala ya watu na watoto hudhani kwamba kuna sarufi tuliyoivunja. Lakini tangu Edgar Polomé alipoeleza Kiswahili cha Lubumbashi katika makala ya mwaka 1968, na Johannes Fabian alipochunguza historia yake katika kitabu cha mwaka 1986, hakuna mwanaisimu makini anayesema hivyo. Kilikomaa hapa hapa, kambini na karakanani, kati ya watu waliotoka Kasai, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga yenyewe. Tunakubali darasani kwamba Kiswahili chetu si kopi ya cha Unguja. Watu fulani, mahali fulani, walihitaji lugha ya kufanyia kazi na kuoania, wakaichonga kwa kipimo chao. Nacho ni komande. Tukitoka darasani tunaikuta sanamu yenye historia ileile juu ya kabati la mama, nasi tunaiita kopi.

Iko nchi iliyokwisha kupita njia hii, ingawa iko mbali nasi. Kwa Wamaori wa New Zealand, tiki ni sanamu ya umbo la mtu, na katika masimulizi kadhaa ni jina la mtu wa kwanza. Watahiti husema ti'i, Wahawaii husema ki'i; aliyesoma isimu historia ataona kwamba ni neno moja, kwa kuwa t ya zamani imekuwa k huko Hawaii, na k imegeuka mkato wa sauti kooni. Kuanzia miaka ya 1930 mikahawa ya Marekani, ule wa Donn Beach wa Hollywood ukiwa miongoni mwa ya kwanza, ilijipamba kwa ndoto ya visiwa hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili mtindo ukaenea. Wachongaji wa California walitengeneza tiki za kusimama milangoni na kando ya mabwawa ya kuogelea. Karakana ya Oceanic Arts ya Whittier ilianza kazi hiyo mwaka 1956. Mtindo ulipopita, mikahawa mingi ilivunjwa, na sanamu zikatupwa au zikaachwa kwenye jua na mvua. Kisha kikaja kizazi kilichozitafuta, kikazifuta vumbi na kuzitengeneza, na leo kinabishana kwa uzito kama gogo la mwaka 1960 lipakwe rangi upya au liachwe na nyufa zake.

Somo nisilolitaka kutoka huko ni bei. Ninalolitaka ni namna ya kufikiri. Wapo Wapolinesia wanaochukizwa, na wana haki, kuona umbo la mababu likiwa pambo la baa. Anayetunza tiki ya California kwa uaminifu hasemi kwamba ni ya Wamaori. Anasema ni ya California, ya mwaka wake, ya mchongaji wake, na kwamba inaeleza Wamarekani wa wakati ule walivyoiwazia bahari ya wengine. Vivyo hivyo mwanamke wa Panda aliyepiga magoti hatuelezi mambo ya mfalme wa Waluba. Anatueleza Jadotville: Mzungu aliomba nini, mchongaji alijua nini, na wawili hao walielewana wapi.

Karibu nasi zaidi, Dar es Salaam, inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 Mmakonde Samaki Likankoa alichonga umbo la mtu, mkono ukavunjika, akampelekea hivyo hivyo mfanyabiashara Mohamed Peera. Peera alilichukua, likapata wanunuzi, na ndipo mtindo unaoitwa shetani ukaanza. Tafakarini kama fundi mwema angewahi kuunga ule mkono. Sanaa iliyozaliwa sokoni inaweza kuwa na uzao wake, na mahali pengine ule ulioonekana kuwa ubovu ndio ulikuwa mlango.

Sasa tuzungumze kazi yenyewe, kwa sababu sanamu nyingi za Panda zinaharibiwa na watu wanaozipenda. Msasa huondoa vitu vitatu kwa pamoja: alama za tezo, rangi ya moshi, na weusi unaong'aa ulioachwa na mikono ya miaka hamsini. Vanishi hufunika kila kitu kwa ngozi moja ya kioo ambayo baadaye hugeuka njano na kubanduka. Mafuta ya taa, yanayomiminwa ili kuua bungua, huacha madoa na harufu, na mara nyingi hayafiki mdudu alipo. Juisi ya limau, inayotumiwa kusafisha malakiti, ni mbaya kuliko zote: malakiti ni kaboneti ya shaba, na asidi huila. Tembo huyo atang'aa mchana mmoja, kisha atabaki na uso uliofifia ambao hautarudi.

Utunzaji mwema ni wa mikono mizito kusogea. Piga picha kwanza, kila upande. Ondoa vumbi kwa brashi laini na kavu, bila maji wala sabuni. Ukiona unga mpya chini ya sanamu ya mti, bungua yu hai: itenge na nyingine, uifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Majumba ya makumbusho hutumia baridi kali, karibu nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili. Friza ya nyumbani inaweza kufaa kwa sanamu ndogo ya mti mtupu, lakini umeme ukikatika barafu ikayeyuka, hesabu ianze upya, na kila mkazi wa Likasi anajua maana ya sharti hilo. Sanamu yenye rangi, shanga au pembe isiingizwe humo bila mjuzi. Nyufa ziache. Mti hutanuka wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi. Ukiujaza ufa kwa kitu kigumu, mvua zikirudi utapasuka mahali pengine. Kipande kilichovunjika kiwekwe ndani ya bahasha yenye maandishi hadi apatikane mtu mwenye gundi inayoweza kutenguliwa. Gundi kali ya dakika moja si ya kazi hii. Kanuni inayobeba zote ni kwamba usifanye jambo ambalo anayekuja baada yako hataweza kulifuta.

Hata hivyo, mti ni nusu tu ya sanamu. Nusu nyingine ni maneno, na hakuna friza ya maneno. Angalieni yaliyozipata zile zinazoitwa za kweli. Waluba wana sanamu ya mwanamke mwenye bakuli, mboko, ambayo bakuli lake liliwekwa chokaa nyeupe ya waganga na watawala. Ilipofika Ulaya bila maneno yake, iliitwa la mendiante, yaani ombaomba. Mti haukupata hata mkwaruzo, lakini mtu wa heshima aligeuzwa mwombaji kwa kosa la lebo. Au chukueni lukasa, ubao wa kumbukumbu wa chama cha Mbudye, ambao jina lake limefasiriwa kuwa mkono mrefu au ukucha. Msimulizi aliushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kulia kikapita juu ya shanga kikisoma wafalme, safari na miiko. Ubao ulio kamili, shanga zote mahali pake, bila msomaji wake ni bubu.

Mara chache maneno yamerudi. Katika miaka ya 1930 Mbelgiji Frans Olbrechts aliona kwamba sanamu kadhaa za nyuso ndefu zilitoka katika mkono mmoja au karakana moja, akazipanga chini ya jina la kijiji cha Buli. Baadaye jina la mtu likapatikana: Ngongo ya Chintu, ambalo hufasiriwa kuwa chui, baba wa vitu vilivyochongwa. Ilichukua miongo kulipata, na huenda ilikuwa bahati. Wachongaji wa komande wako hai. Wengine wanaishi Panda, Kikula na Shituru, wana simu, na wakiulizwa wanajibu. Hiyo ndiyo faida ambayo sanamu zinazodharauliwa zinayo juu ya zile zinazoheshimiwa, na inakwisha kwa kila msiba tunaohudhuria.

Najua nitakayojibiwa. La kwanza: tushughulikie kwanza sanamu za kweli zilizoko Ubelgiji. Nakubali kwamba zina haki ya kudaiwa. Kati ya mwaka 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha vitu 114 tu. Mwaka 2022 Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu, nacho kwa jina la mkopo. Sanamu ya Lusinga, mtawala wa Watabwa aliyeuawa na watu wa Émile Storms Desemba 1884, imo katika mkusanyo wa huko hadi leo. Lakini madai hayo yako mikononi mwa serikali mbili. Mzee wa mtaani hahitaji mkataba wa serikali, na wanaosema tungoje za kweli wanangoja wakiwa wameketi karibu na nyingine zinazooza.

La pili: watu wana njaa, na sanamu ni minervali ya mtoto. Sina la kumwambia mzazi anayeuza cha kwake ili mtoto arudi shuleni. Auze. Ninaloomba ni kwamba isizikwe udongoni wala isipakwe masizi ili mgeni adanganyike kuwa ni ya kale, na kwamba kabla haijatoka mlangoni iwe imepigwa picha na jina la mchongaji limeandikwa.

La tatu ni la kanisani: ni fetishi, zichomwe. Siingilii mahubiri. Nitasema lililo la somo letu: neno hilo lilitoka katika Kireno, feitiço, na mzizi wake wa Kilatini una maana ya kitu kilichotengenezwa kwa mikono. Tembo wa komande ni fetishi kwa maana hiyo ya mwanzo tu, kama kiti na kabati.

Ninapendekeza kwa kitivo mambo matatu yasiyohitaji bajeti. Kwanza, wanafunzi wa lugha za Kiafrika wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho waruhusiwe kuchagua msamiati wa uchongaji wa Likasi, pamoja na msamiati wa malakiti, ambao una maneno yake ya kukata, kulowesha na kung'arisha. Pili, tuwe na kadi moja ya pamoja yenye maswali machache: inaitwaje na mwenyewe, nani aliichonga, kwa mti gani, nani aliiagiza, ilitengenezwa lini, imekwisha kufanyiwa nini tangu hapo. Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa. Akisema muti, iandikwe muti. Mtafiti asimsahihishe mzee. Tatu, kadi ziwe mbili, moja ibaki kitivoni na moja ibaki kwa mwenye sanamu, ibandikwe nyuma ya picha au itiwe ndani ya mfuko wa vyeti vya nyumba, mahali ambapo familia hutunza mambo yasiyopaswa kupotea.

Walimu wetu watauliza kama hiyo ni isimu. Nadhani ndiyo. Orodha za maneno tunazokusanya kila mwaka zina jina la kila kiungo cha mwili na kila ndege wa porini, lakini kuvalisha haimo. Mzee aliyenipa kitenzi hicho alisema kuna wenzake wawili waliokuwa wakijua kazi hiyo kumzidi. Mmoja yuko Kikula. Wa pili alizikwa kabla ya mvua za mwaka jana.